Vipepeo wa Kigingi cha Nne

Ijumaa, mchana

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za moyo wote, wewe na shemeji na watoto, hata yule wa mwisho ambaye nasikia ameanza kutembea na kuangusha kila kilichopo mezani. Mgongo wako unaendeleaje? Siku ya harusi uliniambia unakuuma ukiinama, nami nilikuwa nimelewa furaha, nikaitikia tu bila kukuuliza zaidi. Nisamehe. Leo nina saa kadhaa ambazo siwezi kuzifanyia kitu kingine ila kungoja, nikaona nizitumie kwako. Mimi mwili ni mzima. Nakula vizuri, na nguo za kabla ya harusi zimeanza kunibana, ingawa si kwa sababu ile mnayoisubiri nyote huko nyumbani.

Miezi mitano na siku tisa, dada. Bado nikisikia baiskeli yake ikiegemezwa ukutani moyo unaruka kama wa mwanafunzi aliyeitwa jina darasani. Ulinionya kwamba mapenzi ya mwanzo ni povu la sabuni. Basi langu bado limejaa beseni. Akiniita "mke wangu" huwa nageuka kutazama kama kuna mwingine nyuma yangu. Asubuhi ananichemshia maji ya chai kabla sijaamka, na akishatoka lazima arudi mlangoni mara ya pili, eti kuna kitu amesahau, na kitu chenyewe ni mimi. Cheka tu, najua na wewe uliyapitia.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko, na dirisha la jiko linatazama uwanda. Sijui nikueleze vipi uwanda huu. Hakuna miti. Ni vichaka vifupi tu, vya kufika magotini, vimesambaa mpaka macho yachoke, na upepo ukipita vinalala na kuinuka kama manyoya ya mnyama anayepumua. Maharusi wenzangu wanapamba majiko yao kwa vikombe. La kwangu limepambwa kwa bahasha za majani. Mizani yake imekaa pale nilipotaka kuweka sahani, na oveni ni ya majani kwanza na ya mikate baadaye, maana ile ya ofisini kwao iliharibika na haijatengenezwa. Mara moja nilioka keki ikanuka kichaka, akaila yote na kusema hajawahi kuonja keki kama ile. Hilo nilimwamini.

Unajua kazi yake ni kuhesabu vipepeo, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza anavyowahesabu. Kuna njia moja nyembamba katikati ya uwanda, yenye vigingi saba vyeupe. Kila Jumanne na Alhamisi anaitembea kwa mwendo uleule, hatua kwa hatua, na anahesabu wale tu wanaokuwa mbele yake hatua tano na pembeni kwa upana wa mikono yake. Akipita kipepeo nyuma, hata awe mzuri vipi, hahesabiwi. Jua lisipowaka hatembei, na upepo ukitikisa matawi hatembei, kwa sababu vipepeo hujificha na hesabu ingekuwa ya uongo. Vipepeo wenyewe ni wadogo wa buluu, kama vipande vya karatasi ya daftari lililolowa wino, na viwavi wao hawali kitu chochote duniani isipokuwa majani ya kichaka kimoja ambacho watu wa hapa wanakiita mchachu, kwa kuwa ukikitafuna kinauma ulimi. Mvua ikiwa nzuri, jani la mchachu ni laini na kiwavi ananenepa. Mvua ikikosa, jani linakuwa gumu kama ngozi, na kiwavi mwenye meno madogo anakufa njaa akiwa amekaa juu ya chakula. Amefanya kazi hii miaka minane, na katika madaftari yake yote, aliniambia, hakuna namba hata moja ya kubuni. Asipoona kipepeo anaandika sifuri. Anasema sifuri nayo ni hesabu.

Kwenye njia hiyo ndipo aliponichumbia. Nilikuwa namfuata nyuma, nimekatazwa kusema na kutupa kivuli changu mbele, na tulipofika kigingi cha nne akaniuliza, bila kugeuza shingo, kama ningekubali kuolewa naye. Kabla sijajibu akasema, "Kumi na saba." Nikadhani ananikadiria umri. Kumbe anahesabu. Nilimjibu kwenye kigingi cha tano, na hadi leo ukifungua daftari la mwaka jana utaona baada ya kigingi hicho mwandiko wake umepinda.

Jirani yetu, fundi cherehani, amempa jina la Bwana Vipepeo, na mimi ni Bi Vipepeo. Juzi aliniambia heri mimi, maana wangu akichelewa najua yuko na wadudu, yeye wake akichelewa hajui yuko na nani. Tulicheka mpaka uzi ukamkatika kwenye sindano. Halafu akaangalia dirishani akaacha kucheka, akasema hajawahi kuona uwanda una rangi ile.

Dada, tangu tufunge ndoa haijanyesha. Siku ya harusi mlisema hewa kavu ni baraka kwa shela. Ilibaki kavu. Mwezi wa pili wa ndoa maua ya vichaka yalianguka kabla hayajafunguka. Mwezi wa tatu tuliamka kila siku na vumbi jembamba kwenye shuka. Mchunga mbuzi anayepita nyuma ya nyumba alituambia amehamisha wanyama wake ng'ambo, kwa sababu mawe ya uwandani asubuhi yana joto la jana. Kisima cha mama mkwe, aliyejenga ukingoni mwa uwanda, kimeongezwa kamba mara mbili. Sauti zimepungua. Zamani nikianua nguo nilisikia wadudu wakilia hadi masikio yakawasha. Sasa nasikia vibanio vya nguo vikigongana.

Jumanne moja ya mwezi huo wa tatu mume wangu alirudi, akaegemeza baiskeli, na hakuingia. Nilimkuta ameketi kizingitini na daftari wazi. Kigingi cha nne: sifuri. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekutajia saa. Chakula hakukigusa. Jioni nzima alikuwa anafunua kurasa za miaka ya nyuma, halafu anarudi kwenye ile sifuri na kuitazama kana kwamba ingeweza kubadilika. Nilikaa karibu naye nikamshika mkono, nao ulikuwa baridi katika joto lile. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiomboleza namba. Nilijiambia mwanaume huyu akivunjika, na mimi nimevunjika.

Lakini wiki mbili baadaye vipepeo walirudi. Kigingi cha nne wanne, kisha kumi na mmoja, kisha ishirini na tatu, na cha tatu na cha tano vikafuata, hata jumla ya njia nzima ikapita ya mwaka jana. Ungemwona, dada. Aliingia jikoni akaninyanyua na sufuria mkononi. Akanieleza kwamba michachu ya pale lazima ina mizizi mirefu kuliko vitabu vinavyosema, imegundua maji chini kabisa, na kwamba uwanda mzima una michachu ya aina ileile, kwa hiyo uwanda mzima utaustahimili ukame. Aliandika taarifa ya kurasa kumi na nne. Mkuu wa ofisi akamjibu kwa barua ya pongezi, ya kwanza katika miaka minane, naye akaibandika juu ya mizani. Nimekuwa nikiisoma kila nikikuna nazi.

Sasa nikueleze habari ya moto, maana ndiyo iliyonikalisha hapa. Kila mwaka ofisi huchoma ukanda mmoja wa vichaka vilivyozeeka ili vichipue upya. Ni kazi ya siku zote na si mbaya, ila ina kanuni moja. Mume wangu hukata majani ya mchachu gramu mia, huyakausha saa sita ndani ya oveni, kisha huyapima tena. Yakibaki chini ya gramu hamsini, vichaka vina maji ya kutosha na moto utatembea polepole mahali unapoelekezwa. Yakibaki zaidi ya sitini, hakuna kuwasha hata kiberiti, kwa sababu moto hautatembea, utakimbia. Na majani hayo huchumwa kwenye njia ya kuhesabia, katikati yake, ili daftari la vipepeo na daftari la majani yasemezane. Katikati ya njia ni kigingi cha nne.

Msimamizi wa moto alikuja hapa Jumatano iliyopita. Ni mtu mnene mcheshi asiye na nyusi, na ukimtazama sana anakuambia nyusi zake zilitangulia mbele ya haki. Alisimama dirishani muda mrefu akiutazama uwanda, ucheshi ukamtoka. Alikiri kwamba kwa macho yake asingethubutu mwaka huu. Kisha akasema, "Lakini mimi sisomi macho yangu, nasoma namba ya mumeo." Jana namba ilitoka, arobaini na nne. Mume wangu akatia sahihi palepale juu ya meza hii ninayoandikia. Moto unawashwa kesho Jumamosi saa moja asubuhi, kwenye ukanda unaoanza nyuma ya ua wa mama mkwe.

Pale ukingoni kuna nyumba kumi na moja, zote za mbao, na ya mama mkwe ndiyo ya kwanza. Unamkumbuka, yule aliyekataa kiti harusini akasema akikaa hatanyanyuka tena. Miguu yake imevimba zaidi tangu wakati ule, anatoka chumbani hadi mlangoni kwa fimbo na kwa matusi. Wameambiwa hakuna haja ya kuhama. Wafunge madirisha, wasianike nguo, na kila nyumba iweke ndoo moja ya maji mlangoni. Jana nilimkuta ameshaiweka yake, ameifunika kwa sinia isiingie vumbi.

Na jana hiyohiyo, nikitoka kwake, nilifanya kitu ambacho sikuwahi kufanya. Sikurudi kwa njia ya vigingi, nilikata moja kwa moja katikati ya uwanda ili niwahi kupika. Nilitembea labda hatua mia tatu, nikasimama. Vichaka vilikuwa vinavunjika kwenye mapindo ya gauni langu kama biskuti. Nilishika tawi la mchachu, likabaki mkononi, na majani yake yakawa unga. Juu ya majani mengine kulikuwa na viwavi waliokauka, wembamba, kama vipande vya uzi chini ya meza ya fundi cherehani. Hakukuwa na kipepeo hata mmoja. Nilisimama pale mpaka nikahisi joto la ardhi limepenya soli za viatu. Nyuma yangu, mbali, niliwaona wa buluu wanaruka juu ya kigingi cha nne, wote wamejazana hapo, kama watu waliokimbilia mlango mmoja.

Dada, niliwamwagilia mimi.

Siku iliyofuata ile sifuri, yeye akiwa ofisini, nilichota maji kwenye kisima cha mama yake, ndoo mbili, nikayamwaga kwenye mizizi ya michachu ya kigingi cha nne. Nilitaka tu pale mahali pasife, pale aliponichumbia. Sikufikiri jambo lingine, naapa. Nilitandaza majani makavu juu ya udongo usionekane umelowa. Majani mapya yalipochipua na kipepeo wa kwanza akarudi, nikaongeza kigingi cha tatu na cha tano. Kila Jumatatu na kila Jumatano alasiri, ndoo sita. Mama mkwe alinitania kwamba nachota maji kama ninaogesha ng'ombe, nikamdanganya kuwa nina bustani ya mboga, akanibariki kwa bidii yangu. Kamba ya kisima chake iliongezwa mara mbili, na sehemu ya maji hayo nimeyatoa mimi. Mizizi mirefu haipo. Vipepeo hawakuongezeka, walikimbia uwanda mzima uliokufa wakaja kunywa kwangu. Kurasa kumi na nne, barua ya pongezi, arobaini na nne na sahihi yake, vyote vimesimama juu ya ndoo zangu.

Ungeniuliza kwa nini sikusema jana. Jana nilirudi nikamkuta anaimba. Nikapika.

Leo asubuhi nilimwambia. Nilimwambia yote, nimesimama mlangoni kumzuia, tarehe kwa tarehe, ndoo kwa ndoo. Na hili ndilo nililokuwa sijajiandaa nalo: hakuniamini. Nilijiandaa kwa hasira, kwa kimya, hata kwa kurudishwa nyumbani. Alinishika mashavu kwa mikono miwili, macho yake yamejaa huruma, akasema, "Mke wangu, ndoo sita hazibishani na jua." Aliona ninamwogopea mama yake nikatunga la kutunga. Alisema anaipenda hofu yangu kwa kuwa inatoka kwenye mapenzi. Nikamsihi aje tuchimbue udongo wa kigingi cha nne. Akasema unyevu pale ndio alioutabiri kwenye taarifa yake. Msimamizi alikuwa anapiga kengele ya baiskeli nje, wanakwenda kufunga utepe mwekundu kwenye mpaka wa moto. Alirudi mlangoni mara ya pili kama kawaida yake, akanibusu paji la uso, akaondoka.

Basi nikachukua mkasi wake na bahasha tatu. Nilikata majani nyuma ya ua wa mama mkwe, na mengine kwenye bonde la katikati, na mengine ng'ambo ya utepe, pale ambapo mkono wangu haukuwahi kumwaga hata tone. Niliyapima gramu mia mia kwa mizani yake, nikayatia kwenye oveni saa tatu kasoro. Ndizo saa ninazokuandikia. Harufu imejaa nyumba nzima. Nimefunga dirisha, kwa sababu tangu saa nne upepo umeanza kuvuma kutoka uwandani kwenda kwenye zile nyumba.

Naendelea. Saa tisa imefika, nimeyatoa. La ua wa mama mkwe ni sabini na tatu. La bondeni sabini na sita. La tatu nimelipima mara mbili, na mara zote mbili ni sabini na moja.

Nimeziandika kwenye daftari lake, chini ya arobaini na nne yake, kwa mwandiko wangu, na pembeni ya kila namba mahali nilipochuma. Kisha nimerudi kwenye kurasa za nyuma, na kila Jumanne na Alhamisi niliyoiharibu nimeandika "yalimwagiliwa". Ni kurasa kumi na tisa. Yeye aliyeniamini kwa kila kitu ila hiki kimoja ataiona miaka yake minane imechorwa na mkono wa mkewe. Saa kumi wote watakutana uani kwa mama mkwe, yeye na msimamizi na wachomaji. Sitamwita pembeni. Nikimwita pembeni atanishika mashavu tena, na mimi najijua, nitanyamaza. Nitamkabidhi msimamizi daftari mkononi, mbele ya watu wote na mbele ya mama yake, kwa kuwa yule anasoma namba. Utepe utafunguliwa, moto hautawashwa. Mume wangu ataaibika mbele ya kila anayemheshimu, na aliyemwaibisha ni mimi, mara mbili, mara ya kwanza kwa kumpenda.

Kwa mama usiseme neno kwanza, presha yake unaijua. Mwambie nimeandika, nimenenepa, namsalimu sana. Mpe shemeji heshima zangu, wabusu watoto, na mgongo wako uupake dawa jioni hata kama umechoka. Barua hii nitaitumbukiza posta nikiwa njiani, kabla sijafika kule, nisije nikapata nafasi ya kuichana.

Ukinijibu, andika juu ya bahasha anwani ya mama mkwe, si ya mume wangu. Nyumba yake itakuwepo. Ya kwangu ndiyo sina hakika nayo.

Mimi mdogo wako,
bado mke wa mtu hadi saa hii ninapotia sahihi.